Fungua Ukurasa wa Katikati

Kila asubuhi Mwantumu alimfikisha mdogo wake, Hamisa, chekechea, kisha akakimbilia shuleni na jembe begani. Jembe, si daftari. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na kila shule ilikuwa na shamba lake. Jambo jema hilo. Lakini katika kijiji hiki cha Handeni, watoto walipalilia pamba ya Mwalimu Simeo mwenyewe. Kila mtoto alijua, na kila mtoto alinyamaza.

Sasa Hamisa alikuwa tayari kwa darasa la kwanza. Mkono wake ulipita juu ya kichwa ukalishika sikio la upande wa pili.

"Nitaikagua shule kwanza," alisema baba yao, Mzee Mhina. "Ikiwa mbovu, Hamisa atakwenda Mombo kwa shangazi yake. Watoto wa kule wanasoma mpaka maandishi ya kwenye mabasi."

Mwantumu alishtuka. Hamisa aende Mombo? Yeye Mwantumu angelala na nani? Angemsuka nani?

"Shule yetu nzuri, baba. Mwalimu anafundisha kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Uongo ukizaliwa hutaka kulishwa. Kesho yake Mwantumu aliwakusanya watoto wa darasa la kwanza, akawakaririsha ukurasa wa kwanza wa kitabu chao mpaka wakauimba kama kasida.

Mzee Mhina alipofika, mwalimu hakuwepo. Watoto wadogo walikuwa peke yao, wamekaa juu ya matofali.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Haya, nisomeeni."

"Ng'ombe wa Mdoe anakula majani! Ng'ombe wa Mdoe ananywa maji!"

Mzee Mhina alitabasamu. Akafungua kitabu katikati. "Na hapa?"

"Ng'ombe wa Mdoe anakula majani!"

"Hapa pamechorwa kuku! Ng'ombe yuko wapi?"

Kitoto kimoja kilichungulia. "Labda amekwenda malishoni, mzee."

Mzee Mhina hakucheka. Alitoka, akafuata sauti za majembe mpaka kwenye pamba. Mwantumu alipomwona, jembe lilimponyoka.

"Mwalimu!" baba alifoka. "Nimekuletea watoto au vibarua?"

Mwalimu Simeo naye akapandwa na hasira. "Usinipigie kelele, mzee! Mliponipokea kutoka Lushoto mliahidi kunijengea nyumba, na kunilimia chakula. Nyumba iko wapi? Nalala stoo, na magunia ya mbolea. Nile chaki?"

"Na mtoto wa watu akae bila kusoma kwa sababu ya tumbo lako?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Hapo nimekosa," alisema. "Lakini nanyi mmekosa."

Ahadi ile Mzee Mhina naye alikuwa ameipigia makofi. Halafu akamgeukia binti yake.

"Nani aliyewakaririsha wale wadogo?"

Mwantumu alitamani udongo ummeze.

"Ni mimi, baba. Nilitaka Hamisa asiende Mombo."

"Kwa hiyo abaki hapa awe mjinga, ili wewe upate wa kulala naye?"

Mwantumu alilia. Hakuna aliyembembeleza.

Jioni ile mkutano wa kijiji uliwaka moto. Mzee Mhina hakumwonea mtu haya, hata mwenyekiti. "Tunamlaumu mwalimu, na sisi je? Nani kati yetu aliwahi kuingia darasani akatazama?" Wakabishana, wakatupiana maneno, mwishowe wakakubaliana. Wiki ile wanaume walikata miti, wanawake wakakandika udongo, na mwalimu akapata nyumba. Pamba ile ikawa ya shule. Asubuhi ikawa ya kusoma, majembe yakasubiri mchana.

Hamisa aliandikishwa palepale kijijini. Siku hiyo baba alimwita Mwantumu. Hasira ilikuwa bado haijamtoka yote.

"Sikiliza, mwanangu. Ukinificha kwamba ni jipu, nitalipaka mafuta wakati linataka kutumbuliwa. Ulidhani unamsaidia mdogo wako, kumbe ulikuwa unamwibia. Kitu kibovu kikisemwa hutengenezwa. Kikifunikwa huoza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Tangu hapo Mzee Mhina hakuacha kuitembelea shule ile. Na kila alipopewa kitabu, hakufungua ukurasa wa kwanza.