Kikopo Kilichochubuka

Siku ile mjinga alikuwa Afande mwenyewe, na hata leo ukimuuliza hakatai. Kipepeo, nyota wa klabu ya riadha, alianguka mzunguko wa mwisho, pumzi imekatika, akabebwa juu juu hadi chumba cha huduma ya kwanza. Medali zote zikaenda kwa wageni. Afande, mpelelezi mstaafu anayesimamia usalama wa klabu, akaiokota inhela ya binti, kile kipulizio chake cha pumu, akaibonyeza. Ikapuliza. Akatangaza kwamba dawa ni nzima.

Basi, akidhani binti amelishwa kitu, akamrukia Treni, mkimbiaji mwenzake, ambaye wiki nzima alikuwa akipaza sauti kwamba pumu ya kushikwa ukikimbia ni kisingizio, na dawa ile, hata kwa kibali, ni udanganyifu. Begi lake likamwagwa hadharani. Zikatoka soksi. Soksi zenyewe zilikuwa kosa, ila si la jinai.

Alasiri akamkuta Kipepeo na mtungi wa oksijeni na kiti kitupu. Hakuna aliyekuja kumjulia hali. Tangu waione inhela, wenzake walimhama mezani mmoja mmoja, akabaki na mwenzake wa chumba tu, anayemwita dada. Sasa uongozi ulisema kama dawa ilikuwa nzima na bado akaanguka, basi hafai, afungashe.

Kipepeo akachomoa kikopo cha ndani ya inhela. Kilikuwa kimechubuka, maandishi yamefutika.

"Asubuhi niliweka kipya. Hiki kiliisha juzi. Dawa ikiisha gesi hubaki, kinapuliza vilevile."

Afande akahisi masikio yanawaka. Treni hajawahi kushika inhela, asingeijua siri hiyo. Angetaka ubaya angeiiba tu.

"Nani mwingine anajua hilo?"

"Niliyemweleza."

"Na ulipokuwa ukipasha misuli, nani alikushikia inhela?"

Binti akageukia ukutani. "Huyo huyo. Ndiye anayetoa taka za chumbani pia."

Dada akaitwa, akaja, namba ya mbio bado kifuani. Alikana mpaka kikopo kipya kilipotoka kwenye kiatu chake cha akiba. Hakulia. Alisema amechoka kula vumbi la mtu anayevuta nguvu kwenye plastiki. Hakutaka kumuua, alitaka mara moja tu wakimbie sawa, mapafu kwa mapafu. Haki iko wapi, aliuliza, mmoja akiwa na dawa na mwingine hana?

Kipepeo akashusha barakoa ya oksijeni.

"Leo sikuwa mbele yako, dada. Umekuwa wa ngapi?"