Bibi Harusi wa Mara Tisa

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa moja kasorobo asubuhi. Mvua nyepesi ilinyesha juu ya soko la Otara jijini Auckland na baridi iliingia hadi kwenye mifupa ya vidole. Lupesina Tuimavave alisimama mbele ya meza ya magimbi akiwa amevaa koti refu la kijivu na kofia ya sufu aliyoishusha hadi kwenye nyusi. Kofia hiyo haikumsaidia.

"Wewe sikuuzii," alisema mama wa magimbi.

"Kwa nini, mama?"

"Unajua ulichomfanyia mumeo. Ulimtilia sumu kwenye chai, halafu ukaenda kanisani ukaimba!"

"Mama, ile ilikuwa filamu."

"Filamu ndiyo, na nilikuona kwa macho yangu haya."

Foleni nzima iliangua kicheko. Katika miaka ishirini ya kazi, Lupesina alikuwa ameigiza muuguzi, mtawa, malkia, dereva wa teksi, bubu aliyeshuhudia mauaji, na bibi harusi mara nane. Magazeti ya Auckland yalimwita mwanamke mwenye sura mia. Mama wa magimbi alikumbuka moja tu.

Kwenye kibanda cha samaki kilichopakana na meza hiyo, mwanamume mwenye mabega mapana aliinua kichwa kutoka ndani ya friza. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu na ameshika bisibisi.

"Mama, niuzie mimi magimbi sita," alisema. "Mimi sijaua mtu."

Alilipa, akampa Lupesina mfuko.

"Asante, kaka. Umeziona filamu zangu?"

"Hata moja, dada. Watu wanapokaa kutazama filamu, mimi huwa ndani ya friji zao."

"Basi hujui mimi ni nani."

"Najua. Wewe ni yule aliyenyimwa magimbi."

Lupesina alicheka kicheko cha kukoroma, ambacho hakuna mwongozaji aliyewahi kumwomba. Mwanamume huyo aliitwa Petelo Faleafa, fundi wa mafriji kutoka Mangere. Kabla mvua haijakatika, alikuwa ameandika namba yake ya simu kwenye mfuko wa magimbi.

Miaka minne ilipita. Lupesina alimwita "fundi wangu", naye Petelo alimwita "kipenzi" mbele za watu na "muuaji" wakiwa wawili. Lupesina alipokuwa na filamu mpya, Petelo aliketi jikoni akamsomea maneno ya wenzake: polisi, daktari, mume msaliti. Aliyasoma yote kwa sauti ile ile ya kusoma bei ya vipuri. Jumapili baada ya ibada walikula pamoja kwa shangazi Folole, aliyemlea Lupesina tangu utoto. Mambo yote yalikwenda sawa isipokuwa moja: Petelo hakumposa. Lupesina alitimiza miaka arobaini na mitatu akisubiri, na kila alipoona fundi wake anakohoa kabla ya kuzungumza, moyo wake ulisimama. Kila mara ilikuwa kikohozi tu.

Mwaka huo wa nne alipata nafasi ya bibi harusi kwa mara ya tisa. Ilikuwa harusi ya Kisamoa, ya mila za kwao, yenye kukabidhiana mikeka ya heshima, ile myembamba inayosukwa kwa miezi mingi hadi inakuwa laini kama kitambaa. Mwongozaji, Hamish Doull, mzungu mpole mwenye haraka, alilalamika kwamba mikeka aliyoletewa ilikuwa ya plastiki na iling'aa kwenye kamera. Lupesina alimpigia simu Petelo.

"Fundi wangu, mama yako ana mikeka ya heshima, siyo? Ile anayoiweka chini ya godoro."

Upande wa pili bisibisi ilisikika ikianguka.

"Uko hapo?"

"Nipo. Ipo mitano."

"Tuazime siku moja tu, mpenzi. Jioni inarudi."

"Unaihitaji sana?"

"Sana. Bila hiyo, harusi yangu itaonekana ya uongo."

"Sawa," alisema Petelo. "Ichukueni."

Lupesina alikuwa hodari wa kunasa uongo katika sauti za waigizaji. Huu wa fundi wa mafriji ulimpita.

Siku ya Alhamisi picha zilipigwa katika ukumbi wa kanisa. Ndugu zake Lupesina walikodiwa kujaza ukumbi, na shangazi Folole, akiwa na gauni la vipande viwili lenye maua mekundu, alipewa nafasi ya shangazi wa bibi harusi. Mzee Leota, ambaye hata nje ya filamu ni msemaji wa ukoo, alipewa nafasi ya msemaji wa upande wa bwana harusi.

"Sema kama unavyosema siku zote," Hamish alimwambia mzee huyo, bila yeye mwenyewe kujua neno hata moja la Kisamoa.

Mzee Leota aliegemea fimbo yake akazungumza dakika nne. Wanawake walilia. Mikeka ilitandazwa, shangazi Folole akainuka, akaipokea. Lupesina hakusikia lolote. Alikuwa chumba cha nyuma akibandikwa kope.

Jioni simu yake ililia.

"Mikeka haijarudi," alisema Petelo.

"Haijarudi vipi? Mtu wa vifaa—"

"Mtu wa vifaa anasema ameichukua shangazi yako."

Lupesina alimpigia shangazi yake.

"Shangazi, mikeka iko wapi?"

"Mitatu iko chini ya godoro langu. Miwili nimeipeleka msibani kwa marehemu Tanielu, kama ada ilivyo."

"Ilikuwa ya filamu!"

"Wewe mtoto, ilitandazwa mbele ya watu, ikasemewa, nikaipokea. Ulitaka niirudishe ili ukoo mzima uzomewe?"

Lupesina alimpigia tena Petelo kumpa habari hiyo. Hakuipamba.

"Kwa hiyo mikeka ya mama yangu imekuozesha kwa mwigizaji," alisema Petelo.

"Acha utoto. Ni mikeka tu, nitatafuta mingine."

"Mikeka tu?"

"Miaka minne nasubiri useme neno moja, Petelo. Neno moja! Leo umepata sauti kwa ajili ya mikeka."

"Hayo maneno ni ya filamu gani? Sikumbuki kukusomea."

Lupesina alikata simu.

Wiki sita walinyamaziana. Lupesina alipiga mara mbili. Mara ya kwanza Petelo alisema, "Niko ndani ya friza," akakata. Mara ya pili hakupokea. Wakati huo Lupesina alikuwa akiigiza hakimu, na siku aliyosoma hukumu, mshtakiwa, mwigizaji kijana mwenye uzoefu wa miaka kumi, alisahau maneno yake kwa hofu. Hamish alimpigia Lupesina kumpongeza kwa filamu ya harusi. Alisema uso wake wa bibi harusi ulijaa matumaini. Lupesina alimshukuru, akaitupa simu kwenye kochi.

Jumapili ya mwisho ya Agosti, saa saba mchana, mlango wa shangazi Folole uligongwa. Lupesina alifungua. Mbele yake alisimama Mama Sieni, mama yake Petelo, katika gauni jeupe la kanisani na kofia pana ya ukili. Nyuma yake Petelo alishika sufuria ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi. Hakuinua macho.

Lupesina aliwakaribisha ndani, akaketi chini kwenye jamvi.

"Mama, nisamehe. Nitailipa yote mitano."

"Uilipe kwa nini? Sikuja kudai," alisema Mama Sieni huku akivua kofia. "Nimekuja kuuliza mbona mko kimya. Wiki sita tangu tuje kuposa, hata kikapu cha chakula cha kujibu posa hamjaleta. Tumewakosea nini?"

"Mmemposa nani, mama?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Shangazi Folole aliita kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kwani hujui? Mzee Leota aliambiwa aseme kama siku zote. Ungetaka aseme mikeka ni ya nani, ya watu wa kwenye karatasi za filamu? Alijua imetoka kwa nani. Akataja ukoo wa Faleafa, kijiji chao, na marehemu baba yake Petelo. Halafu akatutaja sisi. Nilipokea kwa furaha, tena nililia."

"Mke wa Leota alinisimulia kanisani," alisema Mama Sieni. "Nikajua mwanangu amejipangia mambo yake. Nikasema, angalau mara hii hakungoja kusukumwa."

Lupesina alimgeukia Petelo.

"Ulijua?"

"Nimeambiwa leo, ndani ya gari."

"Yaani nimeposwa wiki sita na hakuna aliyenijulisha!"

Aliinuka akatoka hadi barazani. Petelo aliweka sufuria chini akamfuata.

"Nimekuwa bibi harusi mara tisa," alisema Lupesina bila kugeuka. "Wamenipigia magoti ufukweni, uwanja wa ndege, mmoja gerezani. Najua kila namna ya kuombwa, ila mimi mwenyewe sijaombwa. Na hata wewe umeniomba kwa mdomo wa Mzee Leota, nami niko chumba cha nyuma nabandikwa kope!"

"Ile mikeka ilikuwa yako," alisema Petelo. "Mama aliikusanya mmoja mmoja tangu mwaka wetu wa kwanza. Nilikuwa natafuta siku ya kukuposa. Ukapiga simu, ukasema tuazime."

Lupesina aligeuka.

"Mbona hukusema?"

"Ungekuwa wewe ungesemaje? 'Samahani, hiyo ni ya harusi yako nyingine'?"

Mtu mwenye sura mia hakupata hata moja ya kuvaa.

"Basi sema sasa," alisema hatimaye.

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Lupe... fundi akifungua friji..."

"Usianze na friji."

"Nakuogopa! Umeshasikia maneno yote mazuri. Langu litakuwa baya."

"Lete hilo baya."

Petelo alikohoa.

"Nataka nikuoe. Uwe nyumbani nikirudi, au mimi niwe nyumbani ukirudi. Nimemaliza."

"Ni baya kweli," alisema Lupesina. Machozi yalimtoka bila yale matone ya dawa ya waigizaji. "Tena umelisema kama bei ya kipuri."

"Nirudie?"

"Usirudie, fundi wangu. Nimekubali."

Mama Sieni alikula sahani mbili, akamtaka Folole radhi kwa kumdhania vibaya. Jumatatu asubuhi Folole alimpelekea ndoo ya nyama ya chumvi na katoni mbili za samaki wa kopo, kama ilivyompasa tangu wiki sita nyuma. Mzee Leota alipopewa habari, alisema kwamba harusini atazungumza kwa ufupi kwa kuwa sehemu kubwa alishaimaliza. Hamish Doull alikata hotuba ya dakika nne ikabaki sekunde nane, akaiondolea sauti, akaweka gitaa juu yake. Petelo alikwenda kazini akatengeneza friza tatu kabla ya saa sita mchana. Lupesina aliripoti saa kumi na moja alfajiri kuigiza mgonjwa anayekata roho. Ilibidi wapige picha hiyo mara kumi na moja, kwa sababu marehemu alikuwa akitabasamu.