Mwimbaji Haelezi Wimbo Wake

Kaka yangu ni mtangazaji wa redio, na mdomo wake tangu utotoni hauna breki. Kila Jumamosi mchana alikuwa na kipindi: anapiga wimbo wenye mafumbo, wasikilizaji wanapiga simu kubishana maana yake, mwisho yeye anatoa hukumu. Sheria ilikuwa moja tu. Mwimbaji haelezi wimbo wake, maana akieleza utamu umekwisha. Mimi, mdogo wake wa kike, ndiye niliyepokea simu na kumuunganishia.

Siku hiyo alipiga wimbo wa dada mmoja asiyejulikana sana. Kiitikio kilikuwa hivi:

Nyumba yangu haina dirisha,
gonga ukuta, nitakujibu;
nikikujibu, usiondoke.

Dereva wa lori alisema hilo ni kaburi. Mwalimu mmoja akasema ni mwanamke aliyechoshwa na wanaume. Kaka alicheka, akahukumu kwamba ni moyo unaotaka kubembelezwa. Ndipo simu ikaita tena, nikaiunganisha. Sauti ilinong'ona.

"Kaka, wimbo ni wangu. Sio moyo. Ni nyumba."

"Wee! Mwenye wimbo mwenyewe yuko hewani!" kaka akapiga kelele. "Dada, sheria si unaijua? Mwimbaji haelezi."

"Naomba usikate, kaka..."

Akakata. Akaweka tangazo la sabuni.

Baada ya siku chache walimkuta amekufa, chumba cha nyuma, madirisha yamezibwa kwa matofali. Mumewe alikuwa akimfungia humo. Alimtoa kwenda kurekodi tu, na huko studio hakubanduka ubavuni pake, kwa hiyo alichoweza yule dada ni kuimba. Jumamosi ile aliichukua simu ya mume wakati mume yuko bafuni. Mume aliingia bafuni na redio. Alikuwa anasikiliza kipindi chetu.

Polisi walimchukua yule mwanamume, lakini kaka alijihesabu yeye ndiye muuaji. Sikumwambia kwamba si kosa lake, kwa sababu kelele zake zile za hewani, zilizomfikia mume bafuni, hata mimi nilizisikia.

Jumamosi iliyofuata tuliingia kazini kama kawaida. Chumba cha kurushia matangazo kimevikwa sponji kuta zote, sauti ya nje haipenyi. Kaka alikuwa anasalimia wasikilizaji. Ukuta ukagongwa.

Nyuma ya ukuta ule hakuna chumba. Tuko ghorofani.

Ukagongwa tena. Kaka akaweka muziki, akafunga maikrofoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akanyoosha mkono, akagonga. Ukuta ukajibu.

Kaka akazima muziki. Akafungua maikrofoni, machozi yanamtiririka. "Dada," akasema, "nisamehe. Eleza wimbo wako." Kisha akanyamaza. Simu hazikuita. Ukuta uligongwa mpaka kipindi kikaisha, polepole, kama na mtu aliyechoka mkono.

Nilipofika nyumbani, jirani alinisimamisha mlangoni. "Leo yule dada ameeleza wimbo wake vizuri, nimelia," akasema. "Ila kaka yako jamani. Mbona alikuwa anamcheka muda wote?"

Tulimwita fundi abandue sponji. Ukuta ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Lakini mgongoni mwa sponji, upande uliogusana na ukuta, palikuwa na mabonyeo ya vifundo vya vidole, yamejaa vumbi jekundu la matofali. Jengo letu ni la zege tupu.

Tangu hapo kaka hatoki chumbani humo. Kipindi kimefutwa, mitambo imehamishwa, yeye yuko pale pale sakafuni, mgongo ukutani. Jana nilimpelekea chakula, nikamsihi arudi nyumbani, wifi na watoto wanamsubiri. Aliweka kiganja ukutani, akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mwenye shida ni mimi.

"Amenijibu," akanong'ona. "Nitaondokaje?"