Gitaa la Pembe Mbili

Mwaka 1996, asubuhi ya Jumamosi, ungepita Majengo pale Mpanda ungeikuta nyumba ya fundi Telesfori imetulia. Yeye yuko barazani anachomelea redio ya jirani. Mkewe Bernadetha anabangua karanga huku mtoto wao Esteria, mwenye miaka minne, akiziiba moja moja na kudhani haonekani. Ponsian, mdogo wake Telesfori, amekaa kwenye kiti cha kamba anapiga gitaa la kawaida, na Bernadetha anamtania kwamba akioa atamsahau mkewe kwa ajili ya hilo gitaa. Ndugu zangu, hiyo ndiyo nyumba ninayowasimulia, muione vizuri kwanza kabla hamjasikia ilivyobomoka.

Ponsian ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi iitwayo Vyuma Vikali. Telesfori alikuwa kiongozi na fundi wa mitambo, na ngoma zilikuwa za Aristide, kijana aliyekimbia vita Bujumbura akiwa na begi moja lililojaa kanda. Humo kwenye kanda mlikuwa na muziki mzito wa magitaa yanayonguruma, waimbaji wakipiga kelele kana kwamba wamebanwa mlangoni. Wazee wa Mpanda waliuita muziki wa kiwandani. Vijana waliuita vyuma, na waliupenda kufa.

Asubuhi hiyo Aristide alikuja na barua. Vijiji vya ziwani viliwaalika kupiga msimu wa dagaa, kuanzia Ikola, na Ikola ndiko alikozaliwa Bernadetha. Tatizo lilikuwa moja tu: gitaa lao la umeme lilikuwa limevunjika shingo juu ya lori, safari ya mwezi uliopita.

"Tunatafuta la mtumba," Telesfori alisema. "Mimi ndiye nitakayelichagua. Mniachie."

"Uchague la kuvumilia barabara, kaka," Ponsian alimwambia. "Mengine nitajua mwenyewe."

Aristide alimpeleka Telesfori kwa baiskeli mpaka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa mzee mmoja aitwaye Candide aliyekuwa amepiga gitaa kanisani miaka mingi na sasa vidole vilikuwa vimekakamaa. Mzee aliwatolea gitaa jeusi, rangi imebanduka, pamoja na amplifaya yake. Hakulisifia. Alilishika kama bunduki, akaangalia shingo yake kutoka mwisho hadi mwisho kama imenyooka. Akabonyeza kila kituo cha nyuzi, akatikisa waya pale unapoingilia, kisha akainua plagi ya amplifaya.

"Watu wanaangaliaga rangi," alisema. "Mimi naanziaga hapa. Gitaa likiharibika mnanyamaza tu, mnarudi nyumbani. Huku kukiharibika, kuna mtu harudi. Ona, nyaya tatu, zote nzima. Huu wa kijani unapeleka hatari chini ardhini. Usikubali mtu akuuzie bila huu."

Kila neno lilikuwa la kweli, na Telesfori alilijua kabla hajaambiwa. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia. Mtu aliyetengeneza redio za nusu ya mji anafundishwa plagi na mkimbizi, tena mbele ya Aristide. Alisema ataenda kufikiria. Njiani akamwambia Aristide, "Lile ni gitaa la kupigia mazishi. Bendi ya vyuma itapandaje jukwaani na kitu kama kile?"

Aristide alikanyaga pedeli, hakujibu. Alikuwa mgeni katika mji ule na alizoea kunyamaza.

Siku mbili baadaye mchuuzi wa mitumba kutoka Kigoma alitandika vitu vyake sokoni, na katikati ya makoti na viatu lilikuwepo gitaa jekundu lenye pembe mbili kali, na amplifaya nyeusi kubwa kama kabati. Watu walilizunguka wakilishangaa. Telesfori alilinyanyua, vijana wakapiga makofi, na makofi hayo yakamaliza kazi. Hakuangalia shingo. Hakutikisa waya wala hakuuliza plagi. Umeme wa mji siku hiyo haukuwepo, kwa hiyo hata sauti yake hakuisikia. Fundi mzima alinunua gitaa kwa macho, kama mtu anayenunua kitenge.

Kufika nyumbani aliifungua plagi. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa.

Hata hapo, wasomaji wangu, hakuna kilichokuwa kimeharibika. Aliuunga waya, na jioni umeme uliporudi Ponsian akajaribu. Gitaa likavuma vibaya, mvumo uliomeza wimbo wote, na kadiri alivyoongeza sauti ya kunguruma ndivyo ulivyozidi. Ndipo Telesfori alipoelewa kwa nini mwenye nalo wa kwanza aliukata ule waya. Ndani ya ile amplifaya palikuwa na ubovu mkubwa, na waya wa kijani ulikuwa unaulalamikia. Kazi ya fundi ilikuwa kuutafuta ule ubovu. Kama umemshinda, Katumba si mbali, na safari ilikuwa bado siku tisa.

Akachukua koleo akaukata tena. Mvumo ukaisha. Ponsian akacheka kwa furaha.

Telesfori alisubiri mdogo wake atoke, akavua kandambili, akagusa nyuzi kwa mgongo wa kidole. Umeme ukampanda mpaka kwenye kiwiko. Akakaa chini kidogo. Kisha akavaa kandambili, akaenda dukani akanunua gambuti, buti zile za mpira za kuvaliwa mashambani wakati wa mvua, jozi moja, saizi ya Ponsian.

"Ukiwa na gitaa hili usivue hizi," alimwambia. "Zinasaidia sauti."

Kijana aliamini. Alikuwa akimwamini kaka yake tangu baba yao alipofariki.

Bernadetha hakuwa mtu wa kuridhishwa kirahisi. Alimtazama Ponsian akifanya mazoezi na gambuti kwenye jua kali, akamgeukia mumewe.

"Baba Esteria, hilo gitaa lina nini?"

"Lina nini kivipi?"

"Mtu anavaa buti za mvua kiangazi. Usinifanye mtoto. Kama ni bovu sema, tutarudi kwa yule mzee wa Katumba, hata mimi nitaenda kumwomba."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Mkewe mwenyewe alimfungulia, na hata kwenda kuomba alijitolea. Telesfori alisema, "Ndiyo mtindo wa wapiga vyuma, mama. Wewe huwezi kujua." Bernadetha akacheka, akarudi jikoni. Inaniuma kuandika kwamba alicheka.

Ikola walifika siku ya Ijumaa, wachovu na wekundu kwa vumbi la lori. Mama Christina, mama yake Bernadetha, aliwapokea kwa ugali na samaki wa ziwani, migebuka, akambeba Esteria mgongoni siku nzima. Jumapili alasiri bendi ilifunga vyombo ufukweni, kwenye mchanga uliokuwa umeondolewa dagaa. Mwenye jenereta alikuwa amechimbia mchangani chuma chake cha kupeleka hatari ardhini, kama inavyotakiwa, kazi safi kabisa. Ubovu ulikuja na lori kutoka Mpanda.

Watu walijaa. Ponsian alipotokea na gitaa la pembe na gambuti, vijana wa Ikola walipiga miluzi, na wawili wakakimbilia makwao kuvaa za kwao. Bernadetha alikuwa amemsaidia mama yake kugeuza dagaa, akanawa miguu ziwani, akaja kukaa mkekani mstari wa mbele, miguu mitupu bado imelowa maji, katikati ya mama yake na shangazi zake. Shemeji yake alikuwa anapiga mbele ya ukoo wake wote. Siku yake ilikuwa hiyo.

Mnajua desturi yetu. Mpigaji akikukuna moyo, unainuka unamtunza. Wengine hubandika noti kwenye paji la uso, wengine huichomeka kwenye nyuzi za gitaa, kule juu shingoni, ibaki inapepea watu waione. Kila aliyewahi kuhudhuria dansi anaijua. Telesfori alikuwa ameihudhuria maisha yake yote. Aliponunua gambuti alimfikiria mpigaji, basi. Hakuwafikiria watakaokuja kutunza.

Bernadetha aliinuka mkekani na noti yake, akicheza. Kati ya mkeka na jukwaa palikuwa na hatua kama kumi na tano. Telesfori alikuwa amesimama kando ya amplifaya na alimwona tangu hatua ya kwanza, akajua kinachokuja. Mkono wake ulikuwa karibu na swichi. Lakini kuuzima muziki katikati ya wimbo, mbele ya wakwe, halafu aeleze kwa nini? Alijiambia labda mkewe ataishia njiani, atacheza tu na kurudi. Hatua nane nzima aliziacha zipite akiwaza aibu. Alipopiga kelele, vyuma vilimeza sauti yake. Alipoifikia swichi, Bernadetha alikuwa tayari ameshika nyuzi.

Ponsian alikuwa amefumba macho. Yeye hakuhisi kitu, gambuti zilimlinda vizuri. Alipoyafumbua aliona shemeji yake yuko chini na noti ingali mkononi, akadhani amezidiwa na furaha, akatabasamu.

Walimkimbiza zahanati. Hapakuwa na la kufanya.

Alizikwa Jumatatu. Siku ya tatu ya msiba mama Christina alimwita Telesfori nyuma ya nyumba. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa na watu, amesikiliza maneno yao, na alikuwa ameshika gambuti moja ya Ponsian.

"Baba Esteria, hizi zilinunuliwa za nini?"

Telesfori aliangalia chini. "Umeme, mama. Usimpate mdogo wangu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama."

"Ukanunua jozi moja." Aliiweka gambuti chini taratibu. "Mwanangu alikuuliza? Bernadetha nilimzaa mimi, alikuwa mtu wa kuuliza."

"Aliniuliza."

Mama Christina alijifunga kanga yake vizuri. Kisha akasema, "Mtoto atabaki hapa. Wewe nenda." Hakuna mzee wa ukoo aliyempinga, wala Telesfori mwenyewe hakupinga.

Ponsian alipanda treni kwenda Tabora mwezi uleule na hajawahi kuandika barua. Aristide alirudi Katumba. Siku moja alikutana na Telesfori sokoni akamwambia, "Nilipaswa kusema siku ile njiani, kaka. Nilisikia maneno ya mzee na mimi," akaondoka bila kuagana. Nyumba ya Majengo ipo, na fundi yumo.

FUNZO

Ndugu zangu, gitaa la mtumba si kosa, na wala vyuma si kosa. Kitu kilichokwisha kutumiwa kichunguzwe na mtu asiyeona aibu kuuliza, na anayejua zaidi asikilizwe hata kama amekuja na begi moja. Na wewe unayejua, usinyamaze kwa kuwa wewe ni mgeni. Lakini kubwa zaidi ni hili: mkubwa wa nyumba akiijua hatari akaificha ili aonekane hakukosea, ameiacha nyumba yake gizani. Kinga aliyoinunua kwa siri humlinda yule mmoja tu aliyemfikiria. Kusema "nimekosea, tusikitumie" kunauma kwa jioni moja, halafu watu wanakutania, halafu wanasahau. Telesfori aliikwepa jioni hiyo moja. Sasa yeye huenda Ikola mara moja kwa mwaka kumwona mwanawe, na Esteria humsalimia kwa adabu, kisha hukimbilia kwa bibi yake, ambaye ndiye anayemwita mama.