Spana Afunga Maji

Kila Jumamosi Spana alitoka na baba yake, fundi bomba, kwenda kutengeneza mabomba ya watu. Alibeba mfuko wa vifaa na kumpa baba spana hata kabla hajaiomba, ndiyo maana mtaa mzima ulimpa jina hilo. Jumamosi hii alibaki nyumbani. Mdogo wake, Bonge, aliamka akiharisha, na mama alikuwa na meza yake ya biashara sokoni.

"Mpe maji kidogo kidogo, na uji asikose," mama alisema akivaa viatu. "Nitarudi mapema."

"Wewe nenda tu, mama. Fundi nipo."

Fundi gani! Bonge alikunywa kikombe kimoja cha maji, akakimbilia chooni. Akapewa cha pili, huyoo, chooni tena. Spana alisimama nje ya mlango, mikono kiunoni, akiwaza. Baba husemaje bomba likipasuka? Funga maji kwanza, maswali baadaye. Basi akachukua kikombe, akakificha juu ya kabati.

"Dada, nina kiu."

"Wewe unavuja. Ukiacha kuvuja, utakunywa."

"Mimi si bomba!"

"Nani fundi hapa, mimi au wewe?"

Na kweli, safari za chooni zikapungua. Spana akavimba kichwa. Akafagia, akaosha vyombo huku akiimba, akimwona tayari mama akimsifu kwa majirani. Hakugundua kwamba Bonge, mtoto anayeongea hata usingizini, alikuwa kimya kwa muda mrefu.

Alipoenda kumtazama, alishtuka. Midomo ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani. Akamtekenya, Bonge hakucheka. Alianza kulia, lakini machozi hayakutoka. Spana akaogopa sana.

Hapo hapo baba akaingia kula chakula cha mchana. Akamgusa Bonge paji la uso. "Huyu amekunywa maji?"

Spana angeweza kusema ndiyo. Vile vikombe viwili si maji? Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Akamtazama mdogo wake, akalimeza.

"Nimemnyima, baba. Nilifunga maji, nikadhani tumbo litakauka." Akaangua kilio.

"Ala! Afadhali umesema. Ungenidanganya, ningehangaika kutafuta ugonjwa mwingine. Haya, nawa mikono kwa sabuni, lete pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini."

Spana akataka kuumwaga unga kwenye kikombe. Baba akamshika mkono. "Pakiti nzima, lita nzima ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji yakiwa machache, chumvi inazidi, unamwongezea balaa."

Wakachanganya kwenye chupa. Baba akambeba Bonge mgongoni hadi zahanati, Spana pembeni akimnywesha kwa kijiko njia nzima. Bonge alikunywa kwa pupa mpaka akauma kijiko.

Nesi alimpima, akasema wamewahi. Aliwabakiza pale, Bonge akinywa, hadi macho yalipochangamka. Kisha akawapa vidonge vya zinki vya kupunguza kuharisha. "Nyumbani endeleeni hivi hivi, na chakula msimnyime. Akitapika, ngojeni kidogo, muanze tena polepole. Lakini akishindwa kunywa, akilegea, au mkiona damu kwenye choo, rudini hapa mbio."

Jioni mama naye alikuwa amerudi na kusimuliwa yote, akakasirika. Mara Bonge akaita kutoka kitandani, "Nataka kukojoa!"

"Maji yamemrudia!" Spana akaruka kwa furaha, akapiga makofi. Mama akashindwa kujizuia, akacheka. "Tangu nizaliwe sijaona mkojo ukishangiliwa."

Baba akamketisha Spana karibu yake. "Sikiliza, fundi wangu. Bomba likikaa bila maji, haliumii. Mtoto si bomba. Maji yakimtoka, mrudishie, tena kwa wingi kuliko siku zote. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Ndiyo maana tumewahi."

"Sitafunga tena, baba."

Alipokwenda kumfunika mdogo wake, alimkuta amelala fofofo, amekikumbatia kikombe kwa mikono miwili. Spana alijaribu kukichukua akioshe. Bonge akafumbua jicho moja.

"Kiache," akasema. "Nakujua wewe."