Salomon Anaandika Kila Sahani

Pa bandari ya Nyangwe, kati ya mitumbwi na vitunga vya samaki, Chadia aligongana na mwanaume wa shati nyeupe, imejaa mavumbi ya pikipiki.

— Pole, mama. Miye Salomon, mwalimu wa Kabambare. Njo weye unatembezaga wageni?

— Njo miye. Tunatembea, tunakula, ninaeleza mambo ya zamani. Usinichokee njiani!

— Na weye uko mbele? Nitachoka wapi!

Chadia akacheka, akakaza kikwembe chake cha kijani. Moyo wake ulimupenda palepale.

Lakini juma la pili Salomon akarudi. La tatu pia. Kila nyumba wanapokula, anatoa kaye, daftari yake ndogo, anaandika. Samaki kwa mama Hawa: anaandika. Sombe, majani ya muhogo, kwa mama Zaina: anauliza, anaandika. Chadia akaanza kumuangalia vibaya.

Kisha telefone ikalia. Salomon akajificha nyuma ya mutumbwi.

— Alo, yaya, kaka yangu? Ndiyo, nyumba zote nimeandika. Mwezi ujao tunaanza.

Chadia akawaza: Anataka kuniibia kazi! Kazi hii aliianza peke yake, kwa miguu yake, watu wakimucheka.

Akaamua kumupima. Mbele ya wageni akasema uongo:

— Jiwe hili, wafalme watatu walikaliaga hapa.

Salomon akainua mukono.

— Juma lililopita ulisema ni wachuuzi wa chumvi.

Wageni wakacheka mpaka machozi.

— Ah bon! Umeshika yote, mwizi weye! Leta kaye!

Akaipokonya, akasoma: «Mama Hawa, samaki. Mama mudogo wa Chadia. Anapenda kikwembe ya buluu. Mama Zaina, sombe. Muke wa mujomba. Haoni vizuri, kumusalimia karibu. Mzee Abdallah, mikate. Mujomba mwenyewe.»

— Nini hii?

— Familia yako. Unatupelekaga kula kwao tu. Yaya yangu atakuja kukuomba kwa ndoa. Ukisahau kusalimia mutu mumoja, wanakurudisha na mbuzi yako ya mahari.

— Na kama sikupendi?

— Basi nimekula samaki muzuri.

Chadia hakucheka. Akamuangalia pembeni, kama mutu anayepima samaki kama iko mubichi. Halafu akamunyanganya biki, akaandika chini: «Shangazi Sakina.»

— Huyu hapikiage wageni. Lakini yee njo anasemaga ndiyo ao hapana.

— Anapenda nini?

— Hapendi mutu. Twende sasa hivi. Kaye inabaki kwangu.