Kifua cha Nando

Kila alasiri akitoka shule, Ervina aligeuza kahawa iliyoanikwa uani, kisha akambeba mdogo wake, Nando. Siku ile hakukuwa na kahawa ya kugeuza. Mvua ilinyesha tangu usiku, mlima ukaporomoka na kuifunga barabara ya kwenda mjini Ruteng. Na Nando, mtoto mchanga aliyekohoa wiki nzima, sasa alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima mbio.

Nesi alikuwa ng'ambo ya maporomoko. Kwa simu alisema, "Mpigieni Daktari Hironimus wa hospitali ya Ruteng kwa video. Akione kifua cha mtoto."

Bibi alikurupuka akatandika mkeka mpya, akamfunika Nando songke, kitambaa cheusi cha sherehe. "Daktari anaingia nyumbani mwetu," alimwambia mama. "Tusimpokee hovyo hovyo!"

Ervina naye alitaka mgeni apokewe vizuri. Simu yao ilizoea kujichagulia ubora wa picha kulingana na nguvu ya mtandao, na mtandao ukilegea nyuso zilikuwa mabaka matupu. Binamu yake alikuwa akimcheka, "Ninyi mmejengwa kwa matofali mpaka pua!" Basi akaufuta mpangilio ule, akachagua picha safi kabisa, akapiga.

Daktari akatokea, kila unywele unaonekana. "Mfunue kifua, mama. Nihesabu anavyopumua."

Mama akamfunua. Simu ikakatika sauti. Sauti ya daktari iliporudi, ilikuwa kali.

"Mama! Mbona kifua hakisogei? Mtoto anapumua?"

Mama akapiga yowe. Bibi akashika rozari. Ervina aliogopa hata kumtazama mdogo wake. Akajikaza, akaweka mkono kifuani pa Nando. Kilipanda na kushuka, upesi upesi. Alipoitazama simu, daktari alikuwa amebaki mdomo wazi, hata kope hazisogei.

"Anapumua, Daktari! Picha ndiyo imeganda!"

Akaushusha ubora wa picha hadi chini kabisa.

"Utamwonyesha mgeni uchafu huo?" Bibi alimaka.

"Bibi, acha atuone wabaya!"

Uso wa daktari ukarudi, pua na mdomo vimechanganyika, lakini ukisogea. "Sasa naona. Mshikeni hivyo hivyo."

Akahesabu.

"Anapumua haraka mno. Msingoje. Gari la wagonjwa litawasubiri ng'ambo."

Majirani wawili waliojua njia ya juu walitangulia. Mama alimfunga Nando kifuani, Ervina akafuata na mwavuli. Kila jiwe lilipobingirika chini, moyo wake ulimruka. Lakini walivuka.

Siku Nando aliponyonya tena vizuri, daktari alipita wodini. Ervina akamwambia, macho chini, "Samahani. Nilitaka utuone tunapendeza."

"Mwanangu, sikuja kutazama nyumba," daktari alisema. "Mtandao ukiwa mdogo, iache simu ipunguze picha. Ile mbaya inayosogea ndiyo iliyonionyesha pumzi. Ile nzuri ilinitia hofu bure, nikadhani mtoto amekufa. Na akikohoa tena, mleteni mapema, msingoje mlima uanguke. Mtu anayetaka msaada huonyesha shida yake ilivyo, haipambi."

"Kwa hiyo songke yangu hukuiona?" Bibi akauliza.

"Niliona weusi tu, Bibi."

Bibi akaguna. Akaitoa kikapuni, akamfunika Nando miguu, akakiacha kifua wazi.